Paa la Shukrani

Nchi yenyewe haina haja ya kutajwa jina. Wanaoishi humo wanaijua, na wasioishi humo wakitajiwa watafikiri wanasemwa wao. Inatosha kueleza kwamba ni nchi ya amani, yenye jua la kutosha mwaka mzima, na yenye Wizara ya Maji, Mwanga na Shukrani. Zamani zilikuwa wizara tatu. Ikaonekana kwamba watu wakipewa maji wanasahau kushukuru, na wakipewa mwanga ndiyo kabisa, kwa hiyo zikaunganishwa ili shukrani iwe inakusanywa papo hapo, bombani.

Katika nchi hiyo kuna mji uitwao Mtokambali, na katika mji huo kuna kiwanda cha kutia rangi vitambaa vya bendera. Bendera zilikuwa zikihitajika nyingi, kwa sababu kila nyumba ilitakiwa kuwa nayo moja ya kupeperusha na nyingine ya akiba, iwapo upepo utaonyesha dharau. Maji machafu ya kiwanda yalipita kwenye bomba nene yakaingia Mto Shumbi, na watu wa Mtokambali walikunywa Mto Shumbi. Sikukuu ya Mashujaa ikikaribia, mto ulikuwa mwekundu. Wiki ya Mkulima ukawa wa kijani. Kalenda haikuhitajika, mtu alichungulia ndoo tu. Mama mmoja akimuuliza mwenzake sokoni, "Hivi Siku ya Utiifu ni lini?" mwenzake alimjibu bila kufikiri, "Bado kidogo, jana ugali wangu umetoka mweupe."

Shida ni kwamba matumbo ya watu wa Mtokambali hayakuwa na uzalendo wa kutosha. Watoto walitoka vipele visivyosikia dawa. Watu wazima walivimba miguu, wakavimba na nyuso, na hospitali ya wilaya ikawashauri wote jambo moja: wanywe maji mengi.

Mmoja wa waliovimba miguu alikuwa Bi Hidaya, mjane aliyekuwa akifua nguo za watumishi wa kiwanda hapo hapo mtoni. Mama yao alipofariki, Hidaya ndiye aliyemlea mdogo wake wa pekee, Mwamvita, akamsomesha kwa kazi hiyo ya kufua mpaka msichana akapata udaktari. Ulikuwa udaktari wa kemia, si ule wa sindano, na hilo Hidaya hakuwahi kulikubali sawasawa. Kila Mwamvita alipokuja likizo, dada mtu alikaa kwenye kiti, akanyoosha miguu, akasema, "Haya, daktari, tazama kazi yako."

Mwamvita alitazama. Alibonyeza kifundo cha mguu kwa kidole, na alipoondoa kidole shimo likabaki pale pale, kama unga uliokandwa. Akarudi chuoni na shimo lile machoni.

*

Alichokitengeneza huko chuoni si uchawi, ingawa baadaye kilishughulikiwa kama uchawi. Kuna unga mweupe, jamaa wa ule unaotiwa kwenye rangi za ukutani, ambao gizani ni vumbi tu lisilo na habari na mtu. Ukipigwa na jua, unaamka. Uchafu unaopita juu yake, hasa rangi za viwandani, unaumeng'enya vipande vipande mpaka yabaki maji. Unga wenyewe haupungui; kesho jua likichomoza unaanza upya. Wataalamu wa lugha wanakiita kitu cha namna hiyo kichocheo, na kwa kuwa hiki kinaamshwa na jua, Mwamvita alikiita kichocheo cha mwanga. Alikichoma juu ya vigae ili kisichukuliwe na maji, akapakia vigae kwenye gari la mizigo, akarudi Mtokambali.

Alivipanga uani kwa dada yake, vimeinama kidogo, maji yaweze kuteremka juu yake taratibu kwa utandu mwembamba, yakusanyike chini kwenye beseni na kurudishwa tena juu. Ulikuwa msimu wa bluu. Asubuhi walimimina ndoo ya bluu. Adhuhuri beseni lilikuwa na maji ya rangi ya anga. Alasiri majirani waliojaa uani walikuwa wakiona chini ya beseni ua lililochorwa na waliolitengeneza beseni, ua ambalo hakuna aliyekuwa akijua kwamba lipo.

"Yamekwenda wapi yale ya bluu?" Hidaya aliuliza.

"Jua limeyala."

"Jua hili hili?"

"Hili hili, dada."

Hidaya akalitazama jua kwa jicho la mtu aliyegundua kwamba mpangaji wake wa miaka mingi kumbe anajua kushona. "Na muda wote huu linakaa tu hapo juu," akasema.

Mwamvita hakuwapa maji hayo siku hiyo hiyo. Alichukua kidogo akayapima kwa vifaa alivyokuja navyo, akahakikisha, ndipo kesho yake akamkabidhi dada yake kikombe cha kwanza. Hidaya akanywa, akasema hayana ladha yoyote, na akaanza kulia.

*

Habari njema hazikawii kufika polisi. Mwamvita aliitwa kituoni na kukaribishwa kiti na Inspekta Ngoliga, mtu mpole sana, aliyekuwa akimhurumia kila mtu aliyemkamata.

"Daktari, tumesikia una kichocheo," alisema.

"Ndiyo, afande."

"Unakiri haraka hivyo?" Inspekta alisikitika. "Kinamchochea nani?"

"Hakimchochei mtu. Kinachochea mabadiliko kwenye maji."

"Mabadiliko." Inspekta aliweka kalamu chini. "Mabadiliko gani, Daktari? Na nani kakutuma?"

"Yaani maji yaachane na uchafu."

"Uchafu gani? Unamlenga nani?"

"Rangi, afande. Rangi ya kiwandani."

"Ya bendera," Inspekta alimsahihisha kwa upole. "Kwa hiyo una kitu ambacho kikiona jua kinachochea maji ya wananchi yaikatae rangi ya bendera. Na jina lako ni nani?"

"Mwamvita."

"Unaona? Hata jina lina vita ndani yake. Mimi nakuonea huruma tu."

Alilala mahabusu. Kilichomtoa si wakili, ni Mkuu wa Wilaya, Bwana Kichelema, ambaye alikuwa ameonja yale maji yaliyokamatwa kama kidhibiti, akalala usingizi mzuri usiku huo kwa mara ya kwanza tangu ahamishiwe Mtokambali. Alipiga simu wizarani. Wizara ikakaa kikao, ikaona kwamba kosa limo kwenye neno, si kwenye kigae. Ikaagiza kwamba tangu siku hiyo kitu kile kisiitwe tena kichocheo. Kiitwe kitulizo.

"Kitulizo cha Mwanga," Bwana Kichelema alimtangazia Mwamvita, akimpa mkono kwenye ngazi za kituo. "Kinayatuliza maji. Hongera sana, Daktari. Sasa wewe ni mradi wa serikali."

Mwamvita alikuwa bado ameshika kamba za viatu vyake mkononi. Alifurahi. Hilo lazima lisemwe, maana baadaye watu walimcheka kwa kufurahi kwake. Alirudi nyumbani mbio, akamkumbatia Hidaya jikoni, akamwambia si uani tena, ni mji mzima.

*

Na kweli mradi ulijengwa, tena haraka, jambo lililowashangaza hata wajenzi. Kando ya mto walisawazisha uwanja mpana usio na mti hata mmoja, kama Mwamvita alivyoomba. Wakajenga mteremko wa saruji, wakaupangia vigae kuanzia juu hadi chini, maelfu kwa maelfu, vyeupe vikimetameta mpaka madereva waliopita barabarani walikuwa wakifumba macho. Pampu zikafungwa. Siku ya majaribio maji mekundu yalipanda juu, yakateremka, yakapanda tena, na jioni bomba la mwisho likatoa maji ambayo Mwamvita aliyapima, akayapima tena, akakaa chini kwenye saruji akiwa amejishika kichwa. Fundi mmoja akafikiri ameungua na jua. Alikuwa anacheka.

Ikabaki ufunguzi. Mgeni rasmi angekuwa Mtukufu Mwenyewe, Mkuu wa Nchi, na hapo ndipo ilipogunduliwa dosari ya kitaalamu. Mkuu wa Itifaki alikuja kukagua uwanja, akatazama juu, akatazama chini, akamwita Mwamvita pembeni.

"Daktari, hapa pana jua."

"Ndiyo, ndugu. Palichaguliwa kwa sababu hiyo."

"Litampiga Mtukufu."

"Anaweza kuwekewa mwavuli."

Mkuu wa Itifaki akacheka kidogo, kama mtu aliyesikia mtoto akisema neno baya bila kulijua. "Mwavuli unashikwa na mkono wa mtu. Mkono wa mtu unaweza kutetemeka."

Likajengwa paa. Nguzo zake zilikuwa za chuma kama za uwanja wa ndege, na bati lake lilikuwa nene, la kuzuia joto, mvua na, walioliuza walijisifu, miale yote ya jua. Lilifunika jukwaa, likafunika viti vya wageni, na kwa kuwa Mtukufu angependa kutembea akitazama vigae, likafunika mteremko wote kutoka juu mpaka chini. Kwa upande wa juu, ule unaoelekea mawinguni, lilichorwa uso wa Mtukufu akitabasamu. Ndege walinufaika. Jina lake likawa Paa la Shukrani.

"Ni la siku moja?" Mwamvita alimuuliza Bwana Kichelema.

"Kwa ajili ya siku moja," Mkuu wa Wilaya alijibu. Mwamvita aliyasikia maneno hayo kama jibu.

Mtukufu alikuja. Alitembea kivulini, akasema vigae ni vizuri, akauliza kama vinapatikana vya bafuni. Bomba la mwisho lilifunguliwa, likatoa maji safi kabisa, baridi, kwa sababu maafisa wa itifaki walikuwa wamelijaza maji ya chupa toka alfajiri. Mtukufu akanywa, akapiga hotuba. Alisema mataifa makubwa yana jua dogo na kelele nyingi, lakini sisi tuna jua kubwa na utulivu. Alisema kuanzia leo kila tone ni la wananchi. Watu wakapiga makofi mpaka magari yakaondoka, na vumbi likawafunika.

Kesho yake maji yalipanda juu mekundu, yakateremka mekundu, yakatoka mekundu.

*

"Ni paa," Mwamvita alisema ofisini kwa Mkuu wa Wilaya. "Vigae ni vizima. Vinahitaji jua tu. Tuondoe bati, hata nusu yake."

Bwana Kichelema aliinuka akafunga mlango, kisha akafunga dirisha. "Daktari, mahali ambapo Mtukufu amewahi kupata kivuli hapaondolewi kivuli. Ni sheria."

"Ya lini?"

"Ya juzi."

"Kwa hiyo watu wanywe nini?"

"Hayo ni maji ya mradi. Yamezinduliwa." Alimsukumia glasi iliyokuwa mezani, ambayo yeye mwenyewe hakuigusa. "Tena hebu tusiseme rangi. Hiyo si rangi, Daktari. Ni bendera iliyoyeyuka."

Hata hivyo serikali si jiwe, ilisikia. Iliundwa kamati ya kuchunguza mwanga. Kamati ikasafiri kwenda nchi moja ya baridi, ambako jua halionekani nusu ya mwaka, kwa maelezo kwamba huko ndiko thamani ya jua inakoeleweka. Ilirudi na makoti. Ikapendekeza kwamba, ikiwa tatizo ni giza chini ya paa, basi zifungwe taa. Mwamvita alishika tumaini hilo kwa mikono miwili: akaeleza kwa subira ni taa za namna gani, zenye miale ya aina gani, zikae karibu na kigae kiasi gani. Wajumbe waliitikia kwa vichwa. Taa zilizofika zilikuwa za mapambo, za kuwaka na kuzima kwa rangi za taifa. Zilipowashwa, hata maji machache yaliyokuwa yamefifia kidogo pembezoni, ambako jua lilichungulia asubuhi, yalionekana mekundu, kijani, bluu, mekundu. Kamati ikapongezwa kwa kuyapa maji uhai.

Miguu ya Hidaya, iliyokuwa imenywea wakati wa beseni la uani, kabla vigae vyake havijachukuliwa na mradi, ikaanza kuvimba tena. Mwamvita akamkataza kugusa maji ya mradi. Hakukuwa na pengine pa kuchota ila kwenye chemchemi ndogo huko Gongoni, kilimani, mwendo wa kumchosha hata mtu mwenye miguu mizima. Polepole watu wengine wakaanza kupanda huko, familia nzima nzima, na bomba la mradi likabaki likimwaga maji bila mtu.

Ndipo Mwamvita akafanya lile ambalo angepaswa, alijilaumu, kulifanya mapema. Alikwenda kwenye mteremko mchana kweupe, akang'oa vigae kiasi cha kujaza toroli, akavirudisha uani kwa dada yake. Jua likafanya kazi yake bila kuuliza. Siku ya pili wanawake walipanga foleni na sufuria. Kuna mtoto wa jirani, mwenye vipele mpaka kwenye kope, aliyeogeshwa maji yale wiki nzima akaanza kulala usiku bila kujikuna, na mama yake akaja uani kusimama tu.

Inspekta Ngoliga alifika akiwa na masikitiko yake yote.

"Daktari, unatumia jua nje ya mradi."

"Afande, jua ni la kila mtu."

"Lilikuwa. Limeshaingizwa kwenye mradi. Mtukufu alilitaja kwenye hotuba: tuna jua kubwa. Tuna, Daktari. Hakusema wana."

Askari wawili walibeba vigae. Mmoja wao, aliyekuwa na dada mwenye nyumba mtaa huo huo, alibeba taratibu sana, akijaribu visivunjike. Hidaya alitoka na fimbo yake akasimama mlangoni.

"Mnavipeleka wapi?"

"Mahali salama, mama," alisema Inspekta. "Chini ya paa."

*

Mwaka mmoja tangu ufunguzi ulipokaribia kutimia, Waziri wa Maji, Mwanga na Shukrani, Mheshimiwa Mlekwa, alikuja Mtokambali kutayarisha maadhimisho. Alimwita Mwamvita kwenye nyumba ya wageni ya serikali, akawatoa wasaidizi wake wote, akammiminia Daktari chai kwa mkono wake mwenyewe. Hakuongea kama kwenye redio.

"Unadhani mimi sijui?" alianza. "Nilisoma sayansi mpaka kidato cha sita. Paa lile nalijua. Linaniuma."

Mwamvita hakuwa amejiandaa kwa hilo. Alikuwa amejiandaa kwa kila kitu kingine.

"Basi liondoe, Mheshimiwa."

"Nitaliondoaje? Wananchi wanapanda Gongoni mbele ya macho ya dunia. Nikilishusha leo, maana yake tumeshindwa, na tukishindwa atatafutwa wa kubeba lawama, na wa kwanza ni mimi, wa pili wewe. Halafu paa litabaki." Akasogeza kiti. "Lakini watu wakiyakubali maji, mradi umefanikiwa. Mradi uliofanikiwa unaweza kufanyiwa ukarabati. Nitasema bati linavuja. Kesho yake asubuhi mafundi wanapanda."

"Na watu watayakubali vipi?"

"Hawatuamini sisi. Wanakuamini wewe." Waziri aliuona uso wake, akapunguza sauti. "Glasi moja, Daktari. Mbele yao. Useme ni matamu. Siku moja tu wayanywe, wameyanywa miaka. Kesho yake jua."

"Kesho yake asubuhi?"

"Neno langu. Ila usimwambie mtu, hata nyumbani. Likivuja, mafundi hawapandi."

Mwamvita aliondoka akaenda kukaa kando ya mteremko. Chini ya paa palikuwa na ubaridi, na vigae vilikuwa vyeupe kama siku vilipopangwa, havina kosa lolote. Alifikiria glasi moja. Alifikiria siku moja. Alifanya hesabu ile aliyoifundisha chuoni, ya kiasi gani cha sumu mwili unaweza kuvumilia kwa mara moja, na hesabu ikakubali. Nyumbani Hidaya alimuuliza mbona hali chakula. Akasema amechoka. Alijiambia kwamba atamweleza yote kesho kutwa, watakapokuwa wamekaa uani wakitazama bati likishushwa, na watacheka.

*

Siku ya maadhimisho kiwanda kilikuwa kinatayarisha bendera za rangi zote kwa pamoja, kwa hiyo maji yalikuwa na rangi ya zambarau iliyopauka, kama damu ya samaki kwenye sinia. Bendi ilipiga. Watu wa Mtokambali waliletwa, wengine na malori, wengine na udadisi wao. Wakasimama chini ya paa na pembezoni mwake, wakiwa na ndoo, kwa kuwa walikuwa wameagizwa waje na ndoo. Hidaya alikuja akiegemea fimbo, amevaa kanga yake nzuri.

Bwana Kichelema alimtambulisha mtaalamu. Glasi ikajazwa bombani mbele ya wote, safari hii bila maji ya chupa. Waziri alisisitiza kwamba serikali haidanganyi mara mbili kwa njia moja.

Mwamvita aliishika. Alisikia mji mzima ukivuta pumzi. Akanywa yote, bila kupumzika, kwa sababu alijua akipumzika hataendelea. Yalikuwa machungu mbele na yenye chumvi nyuma, yakaacha ukoko kwenye meno. Mkuu wa Wilaya akamsogezea kipaza sauti.

"Daktari, waeleze wananchi. Ladha yake?"

Alimtafuta Waziri kwa macho. Waziri aliinamisha kichwa kidogo, kama mtu anayethibitisha ahadi.

"Matamu," alisema Mwamvita.

Kelele iliyopanda haikuwa ile ya maadhimisho. Ilikuwa ya kweli. Hawakumshangilia Waziri wala Mtukufu aliyekuwa juu ya bati akiwatabasamia ndege. Walimshangilia mtoto wa mtaani kwao, aliyelala mahabusu kwa ajili yao, ambaye angewezaje kuwadanganya? Wanawake walipiga vigelegele. Yule mama wa mtoto mwenye vipele alikuwa wa kwanza kuinua ndoo.

Mwamvita aliteremka jukwaani, akamfikia Waziri kabla hajaingia garini.

"Mheshimiwa, kesho asubuhi."

"Kesho asubuhi nini?"

"Mafundi. Paa."

Mheshimiwa Mlekwa alimtazama kwa muda, na usoni mwake hamkuwa na ubaya. Kilichokuwamo kilifanana zaidi na mshangao wa kweli, kama wa mtu aliyeombwa kurudisha zawadi.

"Daktari, maji ni matamu. Umesema mwenyewe, taifa zima limesikia. Na utamu wake umetamkwa wapi? Chini ya paa hili. Sasa tukiliondoa, halafu yakaharibika, tutawaambia nini wananchi?"

"Uliahidi."

"Niliahidi kuondoa kasoro. Kasoro imekwisha." Akampiga begani kwa upole, akaingia garini. Kioo kilipokuwa kinapanda akaongeza, "Pumzika, Daktari. Umelifanyia taifa kazi kubwa."

Aligeuka. Foleni ya ndoo ilikuwa imeshafika darajani na bado ilikuwa inakua. Alikimbia kuelekea bombani, akiwapita watu waliomshika mkono, waliombariki, waliotaka mtoto wao aguswe naye. Kwa heshima yake walikuwa wamemtanguliza dada yake mbele ya wote. Hidaya alikuwa amekaa kwenye ukingo wa saruji, fimbo imelazwa pembeni, kikombe cha bati mkononi, na kikombe kilikuwa kitupu.

"Dada, usinywe!"

"Nini?"

"Usinywe! Tema!"

"Niteme nini? Nimeshameza." Hidaya alimshangaa. "Mbona wewe umekunywa?"

"Mimi nili..." Bendi ilikuwa imeanza tena, na ngoma kubwa ilikuwa hapo hapo nyuma yao. Mwamvita alifungua mdomo, akaona uso wa dada yake ulivyokunjuka kwa raha, akaona na nyuso nyuma yake, moja baada ya nyingine, zikimsubiri amalize ili nao wachote. Akapaza sauti: "Yana sumu! Nimedanganya!"

Wa karibu walicheka. Walidhani anawatania. Inspekta Ngoliga, aliyekuwa amesimama jirani akilinda bomba, ndiye peke yake ambaye hakucheka; alimtazama kwa huruma kubwa, akatikisa kichwa polepole kumwashiria asiendelee.

"Umehangaika sana na maji haya, mdogo wangu," Hidaya alisema, akimvuta kwa mkono mpaka akakaa naye kwenye saruji. Alijifuta midomo kwa upindo wa kanga, na kanga ikabaki na alama ya zambarau. "Toka ukiwa huko chuoni. Sasa yamekwisha. Tulia."

Akainama bombani, akakijaza tena kikombe, akamshikisha mdogo wake vidole juu ya vidole kama alivyokuwa akimfanyia Mwamvita akiwa mtoto mwenye homa.

"Kunywa na wewe, mama. Jua la leo kali."

Na kweli lilikuwa kali, upande wa juu wa bati.